Sauti ya Mkwe Mlangoni

Mtu wa kwanza kufika dharura asubuhi ile alikuwa na ukucha. Mguu mzima, mkono mzima, ila ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeingia nyamani upande mmoja. Akavua kandambili, akakanyaga sahani ya chuma iliyolazwa mbele ya mlango mkubwa wa kioo wa Hospitali ya Kwemkazu, akangoja asalimiwe.

"Habari za asubuhi, baba?" mlango ukamuuliza. Ilikuwa sauti ya kike, ya upole, ya mtu aliyelelewa akaleleka.

"Mbaya," akajibu bila kupepesa macho. "Mbaya kabisa. Naona giza, na mkono wa kushoto umekufa ganzi."

Foleni nyuma yake ikacheka chini chini, maana nusu yao walikuja na jibu hilo hilo limeshapangwa mdomoni. Kioo kikafikiri kidogo, kisha kikateleza pembeni. Yule bwana, Mbelwa jina lake, fundi wa paa, akaingia akichechemea, kandambili mkononi kama mtu anayeingia msikitini.

Ndani, kwenye meza ya kupanga wagonjwa, Tunu Shechambo aliinamisha uso asionekane anatabasamu. Alikuwa nesi wa dharura tangu kuta za hospitali ile hazijapakwa rangi, na sauti iliyosalimia mlangoni ilikuwa yake mwenyewe.

Chanzo cha yote ni zahanati. Zilipofungwa huko vijijini, milima yote ya Usambara iliwekewa vibanda vya kujitibu: unaingiza mkono, kibanda kinakupima, kinakutemea vidonge. Vikafanya kazi vizuri mpaka ukungu ulipoingia kwenye nyaya. Vilipokufa, hakuna aliyekuja kuvifufua, na watu wakahamia dharura. Mafua, dharura. Chunusi, dharura. Mtoto kaota ndoto mbaya, abebwe dharura. Siku moja mpasua mbao aliyekatwa na msumeno alimaliza damu yake yote akiwa kwenye benchi la kungojea, kaketi katikati ya mtu mwenye upele na mtu mwenye kwikwi. Walikuwa wamemtangulia, na hakuna aliyejua kwamba chini ya lile koti mkono ulikuwa umebaki kushikwa na ngozi tu.

Ndipo ukaletwa mlango. Sahani ilisoma mapigo ya moyo kupitia nyayo, kioo kilinusa pumzi. Lakini mafundi waliligundua jambo mapema: huku milimani, mtu aliyetoka kupanda kilima na mtu anayekata roho wanafanana sana kwenye vipimo. Wote moyo unakimbia, wote jasho linawatoka. Kinachowatenganisha ni maneno. Kwa hiyo mlango ukafundishwa kusikiliza, na neno la mgonjwa mwenyewe, kwa kinywa chake, likapewa uzito kuliko vingine vyote. Likitoka zito, kioo kinafunguka, apite aliye juu ya sahani tu. Likitoka jepesi, unaambiwa pole, nenda nyumbani.

Mafundi walitaka mlango uulize moja kwa moja: una shida gani? Tunu ndiye aliyekataa. Aliwaambia kwamba mtu akikuuliza shida yako huku kabla ya kukujulia hali, utadhani kalewa, na hutamwambia kitu. Asalimie kwanza. Mafundi wakaona ni neno la busara, wakamweka chumbani siku nzima wakirekodi salamu zake: za asubuhi, za mchana, za wazee, za wajawazito. Na kwa kuwa sauti ilikuwa yake, ikabidi mlango uzibwe masikio kwa sauti hiyo, usije ukajisikia wenyewe ukajijibu. Ndiyo maana Tunu aliweza kusimama pale akaimba, na mlango ukawa kama kuna ukimya tu. Wenzake walimtania kwamba mlango wake umemsusa.

Kitasa hakikuwepo. Kilikuwepo zamani, wafanyakazi wakawa wanawafungulia shangazi zao na majipu yao, kikang'olewa. Mlango wa wafanyakazi huko nyuma ulikuwa kizimba cha kupita mtu mmoja mmoja, nao ulimjua kila mmoja kwa mwili wake. Kusemewa nako kulifutwa, kwa sababu walizuka watu pale nje ambao kazi yao ilikuwa kulia kwa niaba ya wengine.

Mama Ndekwa alikuwa kwenye foleni kama kawaida yake. Mjane wa Kwemkazu ya chini, alikuja kila juma na kitu kipya: goti, kwikwi, mdudu aliyepita sikioni akaacha baridi. Tunu alimsogelea kwenye matundu ya kusemea yaliyotobolewa pembeni mwa kioo, akamuuliza leo kuna nini.

"Leo ni kisigino, mwanangu," alisema Mama Ndekwa. "Ila usijisumbue na kisigino. Nataka tu nisikie hiyo habari za asubuhi. Kwangu hakuna anayeniuliza."

Tunu akacheka, akamwambia kisigino nacho ni kiungo. Alikuwa bado anacheka alipomwona baba mkwe wake akiibuka kwenye ukungu.

Mzee Shekivuli alikuwa muadhini wa msikiti wa juu, mtu mrefu, mkavu, anayenyoosha kanzu yake kwa pasi ya mkaa ijapokuwa umeme ulifika siku nyingi. Hajawahi kuonekana hospitali. Alikuja kwa hatua fupi fupi, mkono mmoja umezama kwenye mkunjo wa kanzu chini ya kitovu, na watu wa foleni, kwa kumheshimu, wakampisha mbele. Alikataa kwa kichwa. Wakamsukuma taratibu. Akakanyaga sahani.

"Shikamoo, baba," mlango ukasema. "Habari za asubuhi?"

"Marahaba, mama. Nzuri."

"Habari za nyumbani?"

"Salama. Wote wazima."

"Unasumbuliwa na nini, baba?"

Mzee akainua uso. Akaangalia kule sauti inakotoka, na nyuma ya kioo, hatua chache tu, akamwona mke wa mwanawe amesimama na sare nyeupe. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Tunu aliiona, akakisogelea kioo.

"Kichwa," mzee akasema. "Kidogo tu."

Mlango ukapima. Moyo unakimbia, ndiyo, lakini mzee kapanda kilima. Jasho, ndiyo, kapanda kilima. Habari nzuri, nyumbani salama, kichwa kidogo.

"Pole sana, baba. Nenda nyumbani, ukapumzike, unywe maji mengi."

"Ahsante, mama," akasema mzee, akashuka kwenye sahani kama alivyoelekezwa. Hakwenda nyumbani. Alifika mpaka kwenye ukuta mfupi chini ya miti ya peasi, akaketi upande upande, akafumba macho.

Tunu alijifunga kanga juu ya sare, akatokea kizimbani, akazunguka jengo lote mbio. Alipomfikia alipiga goti, akamsalimu upya, kwa kinywa chake mwenyewe safari hii. Mzee akaitikia vizuri kabisa. Akamuuliza habari za watoto, akauliza kama mumewe Hozza ameshateremka na makabichi. Tunu akajibu yote, maana huwezi kumkata mkweo maneno, na huku anajibu macho yake ya unesi yalikuwa yanafanya kazi yao. Tumbo limejaa. Goti limekunjwa kulinda upande wa kulia. Mkono haubanduki pale kinenani. Kisha mzee akaomba radhi, akageuka nyuma ya mti, akatapika kitu cha kijani.

Hapo Tunu alijua. Ulikuwa mshipa wa ngiri. Kipande cha utumbo kimeteremka kikanaswa, damu haipiti, na kila muda unaokwenda kinazidi kuoza ndani ya mtu aliye hai. Ni kitu cha kupasua, na cha kupasua sasa. Mtoto wa chuo angeweza kukitambua.

Lakini kukitambua si kukitaja. Kwao, mkwe wa kike hakai mkeka mmoja na baba wa mumewe, hapiti mbele yake kichwa wazi, na habari za mwili kuanzia kitovu kushuka chini hazipiti kati yao hata kwa fumbo. Tunu alikuwa ameshika miili ya wanaume wasiohesabika katika kazi ile, akawavua, akawaosha, bila kuona haya. Huyu hakuwahi hata kumwona bila kofia.

"Baba," akasema, macho chini. "Kuna mahali pengine panauma, zaidi ya kichwa?"

"Kichwa tu, mama. Nilikuwa napita, nikasema niwaone."

Mbelwa akatoka wakati huo, kidole gumba kimefungwa bandeji nyeupe kubwa kama yai. Tunu alimvuta pembeni. Alimwomba, mwanamume kwa mwanamume, akamuulize mzee. Mbelwa akaenda, akachuchumaa, wakanong'onezana muda mrefu kwa Kisambaa. Aliporudi uso ulikuwa umemshuka.

"Ni mshipa," alisema. "Umembana tangu jana magharibi. Kaniambia bila taabu. Nimemwambia basi kaseme pale, anasema hawezi kumwambia mtoto wake maneno hayo."

Mbelwa mwenyewe alikwenda kwenye sahani, akaupigia mlango kelele kwamba kuna mzee anakufa hapa nje. Mlango ukamsalimu. Akasema tena. Mlango ukamuuliza yeye anasumbuliwa na nini, na aliposema hasumbuliwi na kitu, ukamwambia pole, nenda nyumbani.

Tunu alirudi kwa mzee. Alijieleza kwa adabu yote aliyofundishwa: kwamba ule ni mtambo, hauna macho wala aibu, kwamba yeye ataondoka, ataingia stoo afunge mlango, asione wala asisikie.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Jasho lilikuwa linamdondoka kwenye ndevu.

"Nakuelewa, mama," akasema. "Lakini sauti ni yako."

Tunu alipiga simu kwa mafundi wa mkoani. Kijana aliyepokea alikuwa mwema, hakumkatiza. Alisema kubadilisha sauti inawezekana kabisa, ombi limepokelewa, litaingia na maboresho yajayo. Tunu akauliza yajayo lini. Kijana akasema hilo yeye halioni kwenye kioo cha kompyuta yake. Alimpigia daktari wa ndani. Daktari alikuwa amezamisha mikono kwenye tumbo la mwanamke aliyejifungua vibaya, akamjibu kupitia kwa msaidizi kwamba mgonjwa apite mlangoni kama wengine, yeye atakuwa tayari. Gari la wagonjwa, ambalo lina lango lake na haliulizwi kitu, lilikuwa limeteremka Mombo.

Alimpigia Hozza. Mumewe alikuwa njiani anapandisha, roli tupu, ukungu umeshuka barabarani hadi haoni kona. Tunu alimwambia kwa neno moja. Hozza akaomba apewe baba yake. Mtoto wa kiume angeweza kulitaja, naye alilitaja. Tunu alijua kwa jinsi mzee alivyoitikia, ndiyo, ndiyo, mwanangu, huku akigeuza uso. Mwisho mzee akasema njoo basi, tutakwenda wote, nikikushika mkono nitaweza. Akamrudishia simu kwa mikono miwili.

Kwa hiyo ikawa kumngoja Hozza.

Watu wa foleni hawakukubali kungoja. Walikuwa wajuzi wa mlango ule kuliko mafundi, na kila mmoja alikuwa na lake. Wakamzunguka mzee wakamfundisha kwa huruma: aseme kifua, kifua hakijawahi kukataliwa. Aseme habari mbaya, asiseme nzuri. Alie kidogo. Mama Ndekwa, aliyesahau kisigino chake, alimpigia magoti.

"Mzee wangu, uongo mdogo tu. Sisi tunausema kila siku na Mungu anatuona."

Mzee akatabasamu kwa tabu. Alisema kifua chake ni kizima, alhamdulillah, ndicho anachokiadhinia, hawezi kukisingizia. Kuhusu salamu, alisema mtu akikuuliza habari humtupii maradhi yako usoni. Utamwambia nzuri, halafu ndiyo mtazungumza.

Mama Ndekwa akainuka, akamfuata Tunu, akamshika kanga.

"Wewe ni nesi. Nenda ukamfunue pale pale. Sisi tutageuka. Akiona umeshamwona, ataficha nini tena?"

Tunu alilifikiria neno lile, na katika yote ya siku ile ndilo lililokuja kumkaa zaidi. Ilikuwa kweli. Angemshika, angelitaja kwa sauti mbele ya foleni nzima, na aibu ikishamwagika hakuna tena cha kuchunga. Mzee angeweza kwenda sahanini akasema lolote. Au angejifunika kanzu yake, akainuka, akaenda kufia nyumbani kwake mlango umefungwa. Alimjua. Yote mawili yaliwezekana, na hakuna kipimo cha kumwambia lipi. Alitazama barabara. Roli lilikuwa mbali kidogo tu, alijiambia. Kona chache. Mtoto atakuja amshike baba yake mkono, na mzee ataingia na heshima yake yote. Alitandika kanga yake juu ya ule ukuta mfupi ili mzee asikae kwenye unyevu, akarudi nyuma hatua mbili, mahali panapostahili mkwe kusimama, akangoja.

Mara mbili alimwomba ajaribu tena, na mara mbili mzee alikwenda, kwa kumheshimu. Mlango ukamwamkia. Akaitikia. Nzuri. Salama. Mara ya pili, ulipomuuliza anasumbuliwa na nini, alifungua kinywa kabisa, na Tunu aliyekuwa kando yake akaliona shingoni mwake neno lenyewe likipanda.

"Uchovu," akasema mzee.

Hapo Tunu akashindwa kujizuia. Akalitaja. Akalitaja kwa nguvu, akiwa amesimama juu ya sahani bega kwa bega na baba mkwe wake: mshipa, umebana, tangu jana, utumbo unaoza. Foleni yote ikainamisha vichwa. Mzee Shekivuli akafumba macho kama mtu aliyepigwa kofi na mwanawe.

Mlango haukusikia kitu. Sauti ile ilizibwa.

"Pole sana, baba," ukasema, kwa sauti hiyo hiyo. "Nenda nyumbani, ukapumzike."

Maumivu yalikuja kuacha yenyewe. Mzee alishangaa, akawaambia watu kwamba sasa ni afadhali, ameona nafuu kubwa, na wengine wakamshukuru Mungu. Tunu hakushukuru. Alijua nafuu ile ni ya nini. Utumbo ukishakufa hauumi. Honi ya roli ikasikika bondeni. Mzee aliposikia akanyanyuka amlaki mwanawe, akajinyoosha kanzu, akaanguka.

Kuanguka kwa kweli mlango ulikujua vizuri. Ulikuwa umeona kuanguka kwa uongo mara nyingi mno, usingeshindwa kujua tofauti. Mbelwa na wenzake walipomburuta hadi kwenye sahani, kioo kilifunguka kabla hata hawajamlaza sawasawa.

"Karibu, baba," ukasema.

Walimpasua. Daktari alifanya kila aliloweza kufanya, na alipotoka alizungumza na Hozza pembeni, mwanamume kwa mwanamume, kama mila inavyotaka. Siku ile adhana ya alasiri msikiti wa juu ilisomwa na mtu mwingine.

Matanga yalipokwisha, watu waliacha kuja. Hozza hakumlaumu mkewe kwa neno hata moja. Hakumsemesha pia. Alikula, alilala, aliteremka na makabichi, alipandisha. Kama alimkasirikia kwa kulitaja lile neno mbele za watu, au kwa kuchelewa kulitaja, hakusema, na Tunu hakuwa na uso wa kuuliza. Chakula kilianza kumkwama kooni. Hakikuwa kidonda; alijichunguza mwenyewe kwa kioo na tochi, koo lilikuwa safi. Lakini kitu kilikaa pale, kama kokwa la tunda damu lililomezwa vibaya, na usiku hakulala.

Asubuhi moja, akiwa bado kwenye likizo ya msiba, alijitanda kanga akapanda hospitali. Hakuzunguka kwenye kizimba. Alisimama kwenye foleni. Mama Ndekwa alikuwepo, akamtazama, akasogea akampa nafasi bila kuuliza kitu.

Maboresho yalikuwa yameingia. Mlango sasa ulikuwa na sauti ya kiume, nzito, ya mtu wa bara, na masikio yake yalikuwa yamezibuliwa. Mbele ya Tunu mwanamke mmoja mwenye chunusi alisema habari mbaya, akapita. Mwanamume mwenye mafua akasema kifua, akapita.

Tunu akavua viatu. Sahani ilikuwa ya baridi.

"Habari za asubuhi, dada?"

Hakuna aliyejua jibu la kufungulia mlango ule kuliko yeye. Alikuwa amelisikia kila siku ya kazi yake.

"Nzuri," akasema.

"Habari za nyumbani?"

"Salama."

"Unasumbuliwa na nini, dada?"

Akaweka mkono kooni. Alitafuta jina la kile kitu, akatafuta, na watu nyuma yake wakaanza kuvuta miguu.

"Kidogo tu," akasema.

Mlango ukamsikia. Tangu ulipowekwa, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Pole sana, dada. Nenda nyumbani, ukapumzike, unywe maji mengi."

"Ahsante," akasema Tunu, akashuka kwenye sahani kumpisha Mama Ndekwa.